HOA ya Texas: tununue au tutafute kwingine? Jibu kwa dada wa Katy

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeko Houston, nalifupisha: "Kaka, mimi na mume wangu tumepata nyumba Katy, huku pembeni mwa Houston, vyumba vinne, bei tunaiweza. Ila ina HOA, hiki chama cha wenye nyumba wa mtaa, ada dola 1,150 kwa mwaka. Shoga yangu anasema HOA ni kama mjumbe wa nyumba kumi, ila huyu anaweza kukuuzia nyumba ukabaki nje na watoto. Wakala wetu anasema tusijali, ni kitu cha kawaida. Mume wangu anaendesha semi, yale malori ya tela, mama anakuja kuishi na sisi, na tulikuwa na mpango chumba kimoja tukiweke Airbnb, tupangishe wageni wa siku chache. Tununue au tutafute isiyo na HOA?"

Dada yangu, salamu kwako na kwa shemeji. Swali hili linanifikia sana tangu watu wetu walipoanza kuhama apatimenti na kununua huku Katy, Richmond na Cypress, na nitakujibu kwa urefu maana ukikosea hapa unaishi na kosa lako miaka thelathini ya mkopo.

Shoga yako hajakudanganya na wakala hajakudanganya, ila kila mmoja kakupa nusu. Ni kitu cha kawaida kweli, Marekani nzima watu zaidi ya milioni 70 wanaishi chini ya vyama vya aina hii, na huku pembeni mwa Houston ukitaka nyumba mpya mpya isiyo na HOA utazunguka mpaka uchoke. Na ni kweli pia wanaweza kuipiga nyumba mnada. Mimi mtu akiniuliza HOA ni nzuri au mbaya huwa namrudishia swali, wewe unaishije? Kwa hiyo nimefurahi umenieleza habari ya semi, mama na Airbnb, hayo matatu ndio yatakayoamua, hiyo dola 1,150 ndio jambo dogo kuliko yote uliyoniandikia.

Kwanza ujue unaingia kwenye nini. HOA sio serikali, na hapo ndipo anapotofautiana na mjumbe. Kampuni inanunua shamba, huko Katy mengi yalikuwa mashamba ya mpunga, inakata viwanja, na kabla haijauza hata kimoja inapeleka kaunti hati ya masharti na kuiandikisha, hati hiyo wenyewe wanaiita CC&R. Ikishaandikishwa masharti yanashika ardhi, hayamshiki mtu, kwa hiyo yeyote atakayenunua kile kiwanja, leo au miaka hamsini ijayo, anayachukua pamoja na nyumba hata kama hakuonyeshwa karatasi, hata kama hajui Kiingereza, hata kama dalali alimwambia usijali. Ukishakuwa na jina lako kwenye hati ya nyumba wewe ni mwanachama, hakuna kujiunga na hakuna kujitoa mpaka uuze.

Chini ya hiyo hati kuna katiba ya chama, inayosema bodi inachaguliwaje na vikao vinakuwaje, halafu chini kabisa kuna kanuni ambazo bodi inajitungia yenyewe, za bwawa la kuogelea, za paking, mapipa ya taka yatoke saa ngapi na yarudi ndani lini. Huo mpangilio ukae kichwani, kanuni ya bodi haiwezi kuishinda hati kuu, nitakurudisha hapo kwenye Airbnb. Bodi yenyewe ni majirani zako, hawalipwi, na kazi za kila siku wanaikodi kampuni ya usimamizi, ndio hao wanaopita na gari taratibu wanapiga picha majani yako yakirefuka, halafu barua inakuja.

Sasa kwa nini Houston wameng'ang'ania sana mambo haya. Houston ndio jiji kubwa kuliko yote Marekani lisilo na sheria ya kutenga maeneo, yaani hapa makazi, pale viwanda, kule biashara. Wananchi waliipigia kura mwaka 1948 wakaikataa, 1962 wakaikataa, 1993 wakaikataa tena. Na Katy kubwa iko nje ya mipaka ya jiji, huko unashughulika na kaunti, na kaunti za Texas kwa kawaida hazina mamlaka hayo. Kwa hiyo pasipo na masharti ya ardhi jirani yako akiamka kesho akafungua gereji ya kupiga rangi magari, au akauza kwa mtu anayetaka kuweka baa, unaweza usiwe na pa kumpeleka. Mpaka jiji la Houston lenyewe wanasheria wake wanaruhusiwa kumshtaki mtu aliyevunja masharti ya ardhi ya mtaa wake, jambo ambalo miji mingi haifanyi. Ndio maana mimi ninapozungumzia faida za HOA hapa sizungumzii ukoka uliokatwa vizuri, nazungumzia kwamba hati ile ndio ukuta pekee kati ya chumba cha watoto wako na biashara ya mtu. Wanaokwambia HOA ni upuuzi mtupu wengi wanaongea kama watu wa miji ambayo manispaa inawafanyia kazi hiyo.

Halafu kuna yale mambo ya kawaida, bwawa la kuogelea, viwanja vya watoto kuchezea, taa, kukata majani ya geti, na mara nyingi yale mabwawa ya kukusanya maji ya mvua ambayo watu wanayaona wanadhani ni mapambo. Baada ya mafuriko ya kimbunga Harvey 2017 hakuna mtu wa huku anayehitaji kuelezwa kazi yake. Uliza nani anayatunza, HOA au MUD, maana MUD ni kitu kingine kabisa, ni mamlaka ya maji inayokusanya kodi yake kwenye bili ya kodi ya nyumba, na kwenye maeneo mapya hiyo kodi inaweza kuwa maelfu ya dola kwa mwaka. Nimeona watu wanapigana na HOA ya dola mia tisa wakati MUD inawakamua mara tatu ya hapo na hawajui ilipotoka. Kwenye thamani pia kuna kitu, uchunguzi wa wachumi uliotoka 2019 ulikuta nyumba zenye HOA zinauzwa kama asilimia 4 juu ya nyumba zinazofanana nazo zisizo na HOA. Sio utajiri ila ni pesa.

Lazima nikwambie na upande mwingine wa historia maana unatuhusu sisi kwa rangi zetu. Masharti haya ya ardhi zamani ndio yalitumika kuwafungia nje watu weusi, yaliandikwa wazi kabisa kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1948 ilisema mahakama zisiyatekeleze masharti hayo, na sheria ya makazi ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe. Ukinunua mtaa wa zamani ndani ya Houston unaweza kuyakuta maneno hayo bado yamo kwenye karatasi, hayana nguvu tena, usiogope, ila yanauma kuyasoma. Nayataja kwa sababu kuna watu wanaamini HOA haiguswi na sheria ya kupinga ubaguzi. Inaguswa. Kanuni inayobana watoto wasionekane nje, au inayotekelezwa kwako tu wakati majirani watano wamefanya lile lile, hiyo ni ya kupiga picha, kuandika tarehe na kumpelekea wakili.

Twende kwenye mambo yako.

Semi ya shemeji. Hapa ndipo nina wasiwasi na hii nyumba kuliko kitu kingine chochote. Hati za mitaa ya Katy nilizosoma karibu zote zinakataza magari makubwa ya biashara kulala mtaani au kwenye paking ya mbele ya nyumba, nyingine zinaruhusu yakiwa yamefungiwa gereji, ambayo kwa kichwa cha semi haiwezekani. Na usidhani kwamba tela akiliacha yadi akaja na kichwa tu basi kaponea, nyingi zinataja uzito wa gari au idadi ya ekseli, kichwa peke yake kinaingia humo humo. Madereva wetu wengi wanaanzia hapo ugomvi, mtu katoka California siku nne barabarani, amefika saa nane usiku anataka kulala kwake, asubuhi kuna barua mlangoni. Elewaneni mapema, kama shemeji ana yadi ya kupaki karibu na gharama yake mmeiweka kwenye hesabu ya kila mwezi, sawa. Kama mpango ni "atapaki tu kwani nani atasema", basi hiyo nyumba msinunue, tafuteni huko Waller au mashamba madogo yasiyo na masharti, zipo, ni mbali kidogo na utakosa bwawa la kuogelea ila lori litalala nyumbani.

Mama. Huyu asikuumize kichwa. Hati nyingi zinasema nyumba ni ya familia moja na watu wanashtuka wakidhani wazazi hawaruhusiwi, lakini ukisoma maana ya familia humo ndani kwa kawaida wazazi na ndugu wa damu au wa ndoa wanaingia. Kinachoweza kuleta shida ni mkitaka kumjengea kibanda chake uani, hicho kinahitaji ruhusa ya kamati inayoangalia ujenzi. Au kama wewe ni nesi, kama dada zetu wengi huku, na baadaye unafikiria kuanzisha nyumba ya kulea wazee, hapo kuna sheria za jimbo na za shirikisho zinazolinda makazi ya watu wenye ulemavu ambazo zinaweza kuishinda hati, ila ni habari ndefu na ya wakili, usianze kwa kusoma hati peke yako ukakata tamaa.

Airbnb. Hapa Texas tuna kesi mbili nzuri. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Texas iliamua kesi ya Timberwood Park, San Antonio, hati ya pale ilisema nyumba ni kwa makazi tu, mtu akapangisha kwa siku chache chache, chama kikasema hiyo ni biashara, mahakama ikasema hapana, kama hati haijakataza upangishaji wa muda mfupi kwa maneno, mgeni anayelala na kula ndani ya nyumba anaitumia kama makazi. Halafu 2022 ikaja kesi ya townhouse, zile nyumba zilizoungana ukuta, za hapa hapa Houston, bodi ilikuwa imejitungia kanuni ya kuzuia upangishaji wa muda mfupi wakati hati kuu inaruhusu kupangisha, mahakama ikasema kanuni ya bodi haiwezi kuondoa haki iliyoko kwenye hati. Unaona sasa kwa nini nilikwambia ukumbuke mpangilio. Ila msikimbilie kufurahi, baada ya 2018 mitaa mingi ilibadilisha hati zao kabisa, na Texas kura zikifika asilimia 67 za wenye nyumba hati inaweza kubadilishwa hata kama wewe umekataa. Kwa hiyo hata kama leo inaruhusu, msipige hesabu ya mkopo kwa kutegemea hela ya Airbnb, bajeti isimame bila hiyo na ikija iwe ziada.

Kuna mengine hukuuliza ila najua yatakuja. Bustani: mchicha, sukuma, majani ya kunde, pandeni nyuma kwenye uzio na mara nyingi hakuna atakayewagusa, mbele ya nyumba mahindi yataleta barua. Kuku wengi wamekatazwa, msijaribu kuwaficha maana jogoo hafichiki. Misiba na vikao vya kikundi ndio ugomvi mkubwa wa jamii yetu na HOA na sio makelele, ni magari, ishirini yamejaa pande zote mbili za barabara na jirani hawezi kutoka. Mkiwa na msiba mwambie jirani wa kulia na wa kushoto mapema, watu wa huku ukiwaambia umefiwa wanaelewa kabisa na wengine watakuletea chakula. Jenereta: baada ya kimbunga Beryl Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili walipokosa umeme hapa, kila mtu anataka jenereta ya kudumu, na sheria ya Texas inasema HOA haiwezi kuikataza, inaweza tu kusema ikae wapi na ifungweje. Alama za dini mlangoni au uwanjani kwako zinalindwa pia, tangu 2021 sheria hiyo ilipanuliwa, na kamera za ulinzi vilevile. Bendera ya Marekani, ya Texas na za majeshi zinalindwa. Ya Tanzania haipo kwenye orodha, kwa hiyo kabla hujaitundika tarehe 9 Desemba angalia hati inasemaje.

Sasa hofu kubwa, nyumba yako kupigwa mnada. Texas inajulikana kwa kulinda nyumba ya familia, wadai wengi hawawezi kuigusa, na watu wanategemea hapo. Lakini mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Texas kwenye kesi ya mtaa wa Inwood North, Houston, ilisema ada ya HOA iko kwenye hati kabla hujanunua, kwa hiyo ulinzi ule haukukingi na ada hiyo. Mpaka leo ndio sheria. Na kuna habari ilitikisa jimbo zima, Frisco kule karibu na Dallas, askari alikuwa vitani Iraq, nyumba ya kama dola 300,000 wameshaimaliza kuilipa, ada ya HOA haijalipwa, deni halikufika hata dola elfu moja, barua zinakuja hazifunguliwi, nyumba ikapigwa mnada kwa dola elfu tatu na kitu. Ilipotoka kwenye vyombo vya habari 2010 watu waliwaka, familia ilipigana mahakamani ikarudishiwa nyumba, na mwaka 2011 bunge la Texas likapitisha sheria nyingi za kuzibana HOA.

Leo hii mambo yakoje. HOA haiwezi kupiga mnada nyumba bila kupitia kwanza mahakamani kupata amri. Haiwezi kabisa kuipiga mnada kwa sababu ya faini peke yake au gharama za wakili zilizotokana na faini, deni lazima liwe la ada. Ukichelewa ada, chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinalazimika kukupa mpango wa kulipa kidogo kidogo, usiopungua miezi mitatu, ilimradi huko nyuma hukuuvunja mpango mwingine. Ukilipa hela isiyotosha, sheria inapanga ziende wapi, ada za nyuma kwanza, ada ya sasa inafuata, faini ziko karibu na mwisho. Na hata mnada ukishapita una siku 180 tangu watume taarifa za kuikomboa nyumba kwa kulipa deni na gharama zake.

Ukiyaweka pamoja hayo unapata kanuni moja ambayo namwambia kila mteja, ada lipa, faini bisha. Usije ukagoma kulipa ada kwa sababu bwawa ni chafu au bodi imekuonea, najua inauma, najua kwetu mtu akikosewa anagoma, lakini hapa ukigoma ada umewapa ile silaha moja waliyonayo, na juu yake watapakia riba na barua za wakili, kila barua inakuja na bei yake, dola mia sita zinafika elfu tatu bila wewe kuwa umefanya chochote zaidi ya kunyamaza. Lipa ada yako Januari, chukua risiti, halafu kwenye faini uwashe moto unavyotaka.

Na faini zinapiganiwa hivi. Kabla ya kukutoza lazima wakutumie barua ya rejista ikisema kosa ni nini na una siku ngapi za kurekebisha, kama ni kosa linalorekebishika na hujalirudia ndani ya miezi sita. Una siku 30 tangu barua itumwe za kuomba kusikilizwa na bodi, omba kwa maandishi, sio kwa simu. Wakikupangia siku ya kikao wanatakiwa kukupa ushahidi wao siku 10 kabla, picha na kila kitu, wasipokupa una haki ya kuahirisha siku 15. Nimekaa kwenye vikao hivi na wateja, na nikwambie ukweli mara nyingi mtu anayefika amevaa vizuri, ana picha zake zenye tarehe na lugha ya upole anasamehewa, bodi ni majirani wamechoka na kazi zao, wanataka majani yakatwe waende nyumbani. Wanaoumia ni wasiofungua barua. Watu wetu tunaogopa bahasha za kiofisi, tunaziweka juu ya friji tukisema nitaisoma wikiendi, tafadhali dada hiyo tabia iishie apatimenti. Na anuani yako na barua pepe hakikisha wanayo sahihi, hasa kama shemeji ndiye jina la kwanza kwenye nyumba na yuko barabarani wiki tatu.

Kabla hamjafunga dili, sasa. Mkataba wa kununua Texas una kiambatanisho cha nyumba zenye HOA za lazima, kijazwe vizuri, kipo kipengele kinachosema muuzaji alete nyaraka za HOA na ukizipokea una siku tatu za kujitoa na kurudishiwa kishika uchumba chako. Mwambieni wakala achague hicho, kuna mawakala wanachagua kile cha kusema mnunuzi hahitaji nyaraka ili dili liende haraka, hicho kataeni. Nyaraka zinakuja na cheti cha HOA kwa anayeuza, sheria imeweka kikomo kwamba kisizidi dola 375, kinaonyesha ada ni ngapi, kama muuzaji anadaiwa, kama nyumba ina kosa lolote ambalo HOA imeshalijua, kama chama kina kesi mahakamani na kina akiba kiasi gani. Hilo la makosa likague sana, maana banda alilojenga muuzaji bila ruhusa likigundulika baada ya wewe kununua barua itakuja kwa jina lako. Uliza pia hela za kuhamisha umiliki na ile ya kujiunga wanayotoza siku ya kusaini, inaweza kuwa mamia ya dola na haimo kwenye hiyo 1,150.

Akiba nayo isichukuliwe poa. Chama chenye bwawa, klabu hausi na geti halafu akiba haina kitu, siku paa la klabu hausi likivuja mtachangishwa mchango wa ghafla. Kwa nyumba za kujitegemea ni usumbufu tu, kwa kondo, yaani fleti za kununua ndani ya jengo moja, ni uhai wa watu, lile jengo la Surfside kule Florida lililoanguka Juni 2021 likaua watu 98, akiba yake ilikuwa ndogo mno na wakazi walikuwa wamepangiwa kuchanga mamilioni ya dola kulikarabati. Nawaambia wote wanaonifuata wakitaka kondo, kwanza nionyeshe ripoti ya akiba ndio tuongee habari ya jiko na sakafu.

Kama mtaa ni mpya na bado wanajenga, ujue kampuni iliyojenga ndiyo inashika bodi kwa muda. Viwanja vikishauzwa asilimia 75, ndani ya siku 120 angalau theluthi ya bodi lazima ichaguliwe na wenye nyumba. Kabla ya hapo mtalipa na kunyamaza kwa kiasi kikubwa, na ada za miaka ya mwanzo mara nyingi kampuni inazishusha ili nyumba ziuzike, ikiondoka mnaona zinapanda.

Mkishaingia, chochote cha nje kiombewe ruhusa kwanza kwa maandishi, rangi, uzio, kibaraza, hata mlango wa gereji. Wakikataa lazima wakuandikie sababu na unaweza kukata rufaa kwa bodi, na kwenye vyama vyenye viwanja zaidi ya 40 mwanabodi na mke au mume wake hawaruhusiwi kukaa kwenye kamati hiyo ya ujenzi, kwa hiyo unayemkatia rufaa sio yule yule aliyekukataa. Vikao vya bodi ni wazi kwenu, taarifa ya vikao vya kawaida inatolewa saa 144 kabla, nendeni. Na mkizoea mtaa, mmoja wenu agombee. Mitaa ya Katy ina Wanigeria, Wahindi, Wavietnam, Wavenezuela, sasa na sisi tupo, na bodi nyingine bado zina watu wale wale wa miaka kumi iliyopita kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza, uchaguzi unaamuliwa na kura chache sana. Anayelalamika kila siku kwenye group la WhatsApp kwamba HOA inatuonea sisi Waafrika, mimi huwa namuuliza mwaka jana ulipiga kura?

Kwa hiyo kwa upande wangu, kama semi ina pa kulala na mkopo unalipika bila Airbnb, hiyo nyumba nunueni, kwa eneo lile HOA itawafaa kuliko itakavyowasumbua. Kama moja kati ya hayo mawili halijakaa sawa, msinunue hata kama jiko ni zuri. Ombeni hati leo, msisubiri siku za opsheni, zile za kujitoa kwenye mkataba, ziishe, na ikija anzeni na ukurasa wa magari na ule wa kupangisha, nitumie picha za hizo kurasa mbili nizisome kabla shemeji hajaondoka safari yake.